Mafiga na Mabehewa

Baba alikuwa mfunga mabehewa, stesheni ya Makambako.
Kiingereza alikiokota relini kama watu waokotavyo makaa,
akatufundisha kwa mikono yenye grisi:
"Neno ni injini. Hili hapa, employ.
Mbele nalifunga un, nyuma nalifunga ment.
Sikia, tak! Limekamata."
Mwaka waliopunguza watu kazini
treni hiyo fupi ilimpita, ikamwacha kwenye kokoto,
bendera ya kijani ingali mkononi.

Mama, Zamda binti Kihaule, hakupenda mambo ya kufungafunga.
Alisoma chuo kwa mjomba wake kule Rujewa.
Kwake neno lina mafiga matatu: kafu, ta, ba.
Mafiga hayasogei. Unabadilisha chungu tu.
Injika hiki, umepata kitabu. Kile, katibu.
Kile kikubwa chenye mdomo mpana, maktaba,
ambayo mtaani kwetu hatukuwa nayo.
"Na maktubu je?" nilimuuliza.
Hicho chungu hakukiinjika.

Usiku walibishana, si kwa hasira, kwa ajili ya joto.
Mwingereza, alisema baba, hutanguliza sifa:
nyeupe, kali, yenye umande mgumu,
ndipo asubuhi itokee;
unatetemeka kabla hujajua kwa nini.
Mama akasonya. Mwarabu huitaja asubuhi kwanza,
kisha huivalisha, kama sisi, kama Wabena.
Nani humshonea koti mtoto ambaye hajazaliwa?

Arobaini imepita. Julai imegandisha maji ndooni.
Katibu wa mtaa amekuja na daftari, pua inamtiririka,
anataka kuandika: nyumba ya nani?
Baba zangu wadogo wawili wako kwenye benchi,
wamekunja mikono.

Kwa Kiingereza cha baba, mwenye hutangulia:
baba, kialama kidogo kinachoning'inia, kisha nyumba.
Baba amekwisha kutangulia.
Kwa Kiarabu cha mama, nyumba ndiyo kwanza,
nayo huvua al yake mlangoni kama kiatu
kwa kuwa inajulikana kwa mwenyewe.
Mwenyewe akifutika, imebaki pekupeku.

Nikamtazama mama. Alikuwa anapuliza moto.
"Andika," akasema, "nyumba ya."

Katibu akangoja. Kalamu ikangoja.
Baba mdogo mmoja akakohoa.

Kumbe hiyo ya haikuwahi kuwa ya baba.
Imeshikamana na nyumba; nyumba zikiwa nyingi
ndipo hugeuka za.
Mwenye awe mmoja, wawe mia, wawe udongoni,
yenyewe haigeuzi hata shingo.

"Nyumba ya," akarudia mama,
akalisukuma kwa kisigino figa la tatu,
lile asemalo halisogei,
likakaa sawa.

"Ya nani, mama? Jina."

Mama alikuwa keshafunika chungu.