Maji ya Ngamani

Marstal, mwezi wa tatu. Theluji bado imejibanza vivulini,
na mashua imesimama nchi kavu juu ya magogo
kama ng'ombe aliyeletwa mnadani:
tumbo nje, mkuku nje, haina pa kujificha.
Miaka arobaini na mmoja. Faiba, si mbao.
Nyeupe, kwa mwenye huruma.

Bibi Gudrun Bøgelund alinipa ufunguo,
akarudi garini, akawasha hita,
akashika sindano zake za kufuma.
Hakusifu kitu.
Kizuri chajiuza, nikawaza; au amechoka;
au ni mimi ninayekaguliwa.

Nilikuja na nyundo ndogo ya kichwa cha plastiki,
tochi, bisibisi, na shaka za miezi miwili.
Nikaanza omoni. Ko, ko, ko:
mlango wa mtu aliye nyumbani.
Nikaufuata ubavu wa kushoto, shibiri kwa shibiri,
ko, ko, ko, ko,
du.
Nikarudi nyuma. Ko. Du.
Hapo ndani pameloa, na rangi juu yake inatabasamu.
Nikachora duara kwa chaki.
Ya kwanza.

Ya pili, malengelenge chini ya mstari wa maji,
madogo, ya tetekuwanga.
Nilitoboa moja, likanitemea tone lenye harufu ya siki.
Ya tatu, bolti za mkuku zinalia kutu.
Kisha nikapanda, nikavua viatu,
nikatembea sitahani kwa soksi kama mwizi,
na karibu na mlingoti sakafu ikabonyea
kama mkate usioiva.
Tanga kuu limeshonwa likashonwa tena,
hata nyuzi zimezidi kitambaa.
Kijiti cha mafuta ya injini kilitoka cheusi,
cheusi tii, lakini si cheupe,
nikashukuru peke yangu, kwa sauti.

Saba, nilipomaliza kuhesabu.
Nikaenda garini na uso wangu wa mnunuzi,
ule wa kusikitika,
na bei nimeificha chini ya ulimi.

Akashusha kioo. "Ngapi?"
"Saba."
"Bado nne," akasema, akamaliza mstari wa sweta.

Akatoa daftari la buluu, mwandiko wa Eskild,
penseli, herufi zimesimama wima kama askari wa zamu.
Duara langu la chaki lilikuwamo, na tarehe yake,
na pembeni: *mwakani*.
Malengelenge: *mwakani*.
Bolti: *mwakani, Mungu akipenda*,
kisha Mungu amekatwa kwa mstari mmoja.
Na chini, kwa kalamu ya Gudrun,
kila kasoro imeshatolewa kwenye bei,
kroni kwa kroni.
Maneno yangu yote ya kupunguziwa yakanifia mdomoni.

"Ya kumi na moja hakuipata," akasema.
"Maji, ngamani. Glasi moja kwa wiki, haizidi.
Kila Jumapili alichovya kidole, akalamba.
'Matamu,' anasema. 'Ni mvua.'
Basi anaanza kutafuta inapopenyea,
penseli sikioni, mpaka chakula kipoe.
Miaka kumi na tisa."
Akatazama kioo cha mbele, kilichojaa ukungu wa pumzi zetu.
"Sijui kama alitaka kuipata."

Nikapanda tena ngazi.
Tezi nimeshafika, omo nimeshafika;
nikapiga magoti, nikainua ubao.
Yalikuwepo, meusi, mapana kama sahani ya chai,
yametulia kama kitu kinachojua kinasubiriwa.
Nikachovya kidole.
Dizeli kidogo. Vumbi. Na nyuma yake,
mwembamba, utamu wa mvua.

Honi ikalia mara moja.
"Naja!" nikaitikia, na sikwenda.
Nilikuwa nimeinua tochi,
nafuata dari mshono kwa mshono,
na mkono wa pili unapapasa mfukoni
kama kuna penseli.