Kabla ya Komeo

Siku hizi macho yangu yanasoma polepole,
kama mkokoteni juu ya theluji iliyoganda,
na jana yalikwama pale yanapokwama kila mwaka:
pale Mungu anapokaa chini kushona.

Padri Ghevond hupapita mbio.
Ana hamu ya kufika kwenye upanga wa moto.
Lakini mimi ni mtoto wa fundi wa makoti,
mtaa wa washona ngozi, Gyumri,
najua kazi ile inataka nini.
Ngozi haishuki na malaika.
Kuna mnyama aliyekuwa hai asubuhi.
Kuna chumvi na shabu, kuna kukwangua mafuta
kwa kisu butu hadi mabega yagome,
na uvundo usiokuachia hata uoge mara saba.
Kisha sindano, nta, dole gumba lililotoboka.

Ee Mungu, mikono yako nayo ilinuka hivyo?

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipouza kitabu cha bibi:
kurasa kumi na moja za ngozi ya ndama,
Injili iliyovuka milima
imefungwa tumboni mwa mwanamke mkimbizi,
ikipanda na kushuka na pumzi zake.
Nilimpa mnunuzi mmoja wa Tiflis
kwa fedha ambazo hazikufika Kwaresima.

Baba alikuta sanduku tupu.
Hakunipiga. Laiti angenipiga.
Alikuja bustanini jioni, upepo umeanza kupoa,
akasimama kati ya miti ya aprikoti, akauliza,
"Zaven, uko wapi?"
Nami nilikuwa mbele yake, hatua tatu.

Nikasema ni Hrant aliyenishawishi,
Hrant uliyemkaribisha wewe mwenyewe mezani petu.
Hata kisingizio changu
kilikuwa cha mtumba.

Akaniambia niondoke kabla ya wiki kwisha,
na neno lile hakulirudisha.
Ila taa ya karakana haikuzimwa usiku nne.
Yule kondoo dume mchechemeaji,
aliyezoea kulamba chumvi kiganjani mwake,
kengele yake ilinyamaza Jumatatu.
Mama alisema, usiulize.

Hakuniita kunipima.
Alinipima kwa macho nikivuka uwanja,
nikiinama kuchota maji,
jinsi mtu anavyotazama kitu atakachokikosa.

Alfajiri ya Ijumaa theluji ilifika magotini.
Alinivika kama mtoto mchanga,
kifungo baada ya kifungo, hadi kidevuni,
manyoya ndani, ngozi nje.
Vidole vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa.
Akafungua mlango.
Nyuma yangu nikasikia komeo.

Miaka mingi nilisimulia komeo lile:
katika mabweni ya wachimba shaba, kwenye mabehewa,
na kwa mke wangu Siranush, aliyesikiliza
huku akitia kiraka kwenye kiwiko cha koti lile lile,
mpaka usiku mmoja akakata uzi kwa meno, akasema:
"Asiyetaka uishi
hakushonei kola mara mbili."

Basi siku hizi nikifika kwenye mlango wa Edeni
siutazami upanga. Natazama mishono.
Nawaona wawili wale wakitoka kwenye miiba na baridi
wamevaa kazi ya mkono wa yule aliyewafukuza.
Na mbele, kurasa nyingi mbele,
namwona Mshonaji mwenyewe akivaa ngozi,
ya kwetu, hii isiyo na manyoya,
inayochanika kwa msumari,
akiivaa nje ya mlango, upande wetu wa komeo.

Kitabu hakikupatikana.
Baba alizikwa nikiwa mbali,
na kama alinisamehe kwa maneno, sikuambiwa.
Nondo wamekula mgongo wa koti.
Lakini mikono yake ilinizidi tangu siku ile,
upana wa vidole viwili kila upande.
Nilidhani machozi yalimkosesha vipimo.

Majira yale ya baridi
nilikuwa bado nakua.