Ukungu wa Aina Mbili

Mjini Porto, Januari, kuna ukungu wa aina mbili.
Wa kwanza hupanda kutoka mtoni alfajiri,
hulamba madaraja, hukwea ngazi za mawe,
na saa nne, jua likikohoa kidogo tu,
umeshajiondokea, haukudai kitu.
Wa pili unaishi kwangu,
nyuma ya kabati la mtoto.

Ulianza kama tone la wino kwenye pembe ya dari.
Nikasema: kivuli.
Wiki ya pili kivuli kikazaa.
Sasa ni ramani ya nchi nyeusi isiyo na mji mkuu,
kila mvua ikinyesha inajisogezea mpaka.

Nimeusugua kwa siki, kwa klorini,
kwa mswaki wa zamani wa marehemu Anselmo,
nimesimama juu ya kiti, kitambaa puani,
macho yakiniwasha kama niliyemenya vitunguu vya karamu.
Ukuta ukang'aa siku tisa.
Siku ya kumi vidoa vikarudi
kimoja kimoja, bila haraka,
kama watu wenye ufunguo.

Bwana Abílio alikuja, viatu vyake vikavu.
Akagusa ukuta kwa kidole kimoja,
akakipangusa kwenye pazia langu.
"Ni pumzi zenu," akasema.
"Mnachemsha supu mno. Mnaanika nguo ndani.
Fungueni dirisha."
Mvua ilikuwa na siku kumi na saba.
Na dirisha lenyewe, mbao zimevimba tangu Oktoba,
halifunguki wala halifungiki.

Nilitaka kumwuliza
tupunguze kupumua kwa kiasi gani,
na kodi nayo itapungua kwa kiasi hicho?
Nikameza. Mkataba unaisha Machi.
Wahenga walituonya juu ya ufa na ukuta;
hawakusema azibe nani
ukuta ukiwa wa mtu mwingine.

Usiku Zulmira anakohoa.
Nahesabu: kikohozi, kimya, kikohozi.
Kitanda chake nimekivuta hadi katikati ya chumba,
mbali na kuta zote nne,
naye anadhani ni heshima:
malkia, anasema, hulala katikati.

Bi Felismina wa ghorofa ya juu,
mpangaji wa miaka thelathini na minne,
alinishushia daftari na kalamu iliyotafunwa.
"Andika tarehe. Piga picha kila Jumatatu.
Weka sarafu kando ya doa, waone ukubwa."
Basi naweka yuro moja ukutani, naishika kwa kidole gumba,
na kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba hii
pesa inahesabiwa upande wangu.

Picha kumi na nne. Barua moja. Cheti cha daktari.
Manispaa, foleni, namba sitini na moja.
Karani alifungua bahasha
akarudisha kichwa nyuma.
Harufu ilikuwa imefika kabla ya maneno.
Akanitazama, akavuta kiti.
"Kaa," akasema. "Anza na dirisha."