Mizunguko Thelathini na Moja

Saa nane usiku, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
feni inakata hewa vipande
nami nakata bomba vipande:
mita mia mbili, mita mia mbili,
toka Chongoleani hadi tanuri la saruji Pongwe,
kila kipande na presha yake, kila kipande na jirani yake,
na sheria moja niliyoijua tangu dukani kwa mama:
kilichoingia, toa kilichotoka,
kilichobaki kimo ndani.

Wasemao Tanga waja leo waondoka leo
hawajalijua bomba.
Ipo gesi iliyoingia jana asubuhi,
imebanana na wenziwe chini ya mkonge wa Mabokweni,
haina safari.
Hiyo ndiyo akiba yetu.

Na habari ina miguu mingine.
Tanuri likivuta pumzi Pongwe,
Chongoleani hawana taarifa
hadi sekunde hamsini zipite.
Gesi yenyewe yaja nyuma, mita sita kwa sekunde,
mwendo wa baiskeli ya kukodi.

Chuoni tulifundishwa kwanza mtiririko uliotulia.
Mzuri, mtiifu, jibu lake nusu ukurasa.
Sijawahi kukutana nao.
Amboni huwasha tanuri la chokaa bila hodi,
vuli hupoza udongo, mtu husahau swichi.

Alhamisi modeli yangu ikatabiri:
valvu ikifunguliwa saa tisa kamili
presha itaporomoka toka hamsini hadi arobaini na moja,
itaruka, itashuka, itaruka tena
kama kifuniko cha sufuria ya maharage.
Kinasa kikachora mteremko laini,
mgongo wa paka aliyelala.

Wiki mbili nikamtuhumu msuguano.
Nikakwaruza chuma, nikakisugua, kwa namba tu.
Nikaikatakata dakika hadi kompyuta ikatoa joto la pasi.
Mhandisi Kihiyo akapita na chai yake:
"Vutavuta namba zifanane, tupeleke ripoti."
Zingefanana.
Ningelala.

Alfajiri nikachukua bodaboda hadi kituo cha valvu.
Shekalaghe alikuwa anavua ovaroli, zamu imekwisha.
"Hii unaifunguaje?"
"Kwa mkono. Mota yake ilikufa Mfungo Sita."
"Kwa mara moja?"
Akanitazama kana kwamba nimemuuliza
kama sinia la pilau huliwa kwa tonge moja.
"Mizunguko thelathini na moja. Nikifika kumi
naweka sikio kwenye chuma.
Kikilia, nangoja. Kikinyamaza, naendelea."

Katika milinganyo yangu yote, valvu ile
nilikuwa nimeiandikia neno moja: ghafla.

Nikamwomba azungushe tena, hewani, valvu ya kuwazia.
Akakubali, akacheka, akazungusha,
akainamisha kichwa pale pa kusikiliza,
akajifuta jasho lisilokuwepo.
Nami na saa ya simu, nahesabu:
dakika nne na sekunde kumi na mbili.

Usiku ule nikafuta ghafla,
nikaweka mkono wa Shekalaghe,
pamoja na vituo vyake vya kusikiliza.
Mistari miwili ikalala mmoja juu ya mwingine.

Isipokuwa saa tisa na dakika tatu:
kinundu kidogo, nusu ya ukucha, kwenye kinasa tu.
Sijakifuta. Kihiyo anauliza ni nini.
Nadhani alipiga chafya.