Mwaka wa Saa Kumi na Nane

Alasiri imepita, uani kwetu Jadida, Wete,
tanuri la Shangazi Mize limekolea makaa
na donge za mtama zimepangwa kwenye ungo,
kila moja na alama ya kiganja chake.
Mimi nasahihisha madaftari ya fizikia,
nimekalia kinu kilichopinduliwa.

Shangazi, namwambia, kuna sayari
imejibanza na jua lake
hata mwaka mzima ni saa kumi na nane.

Hanyanyui uso.
"Yaani nikila daku,
nikitoka kwenye tarawehe mwaka umekwisha?"
Umekwisha.
"Na zaka?"
Kila mwaka, Shangazi.
"Basi matajiri wa huko wote wamehama."

Anachota maji, anarowesha mkono,
anautia tanurini mpaka kwenye kiwiko,
anabandika donge ukutani, pa!
na mkono umeshatoka
moto haujapata habari.
Miaka arubaini anafanya hivi.
Mkono wa kulia hauna unywele hata mmoja,
wa kushoto ni mkono wa mtu mwingine.

Haijigeuzi, naendelea,
maana nikianza somo siwezi kuliacha njiani.
Upande mmoja unalitazama jua daima dawamu,
mawe yamekuwa uji, uji umekuwa mvuke,
bahari nzima ya mawe inatokota bila mwiko.
Upande wa pili ni usiku
ambao haujawahi kusikia adhana ya alfajiri.

"Sasa hiyo si mofa?
Uso kwa moto, mgongo kwa udongo.
Uigeuze uone. Itaanguka."

Nimesoma miaka mitatu chuoni Unguja
kupata sentensi ndefu kuliko hiyo.

Anabandika wa nne, wa tano.
Jirani anapitisha sahani juu ya ukuta, haulizwi ni mingapi.
Kisha, kama mtu anayeuliza bei ya sukari:
"Nipigie hesabu ya eda.
Kwa miaka ya huko."

Miezi minne na siku kumi.
Naandika pembeni mwa daftari la Hidaya Shaame,
nazidisha, nagawa, nafuta, nagawa tena.
Chumba cha nyuma kina dirisha moja,
na dirisha lile lilifungwa tangu walipomtoa Ami Faki
hadi siku Shangazi alipotoka na kuomba ungo wake.
Nilikuwa nikimpelekea chai mlangoni.
Kikombe kilirudi kimejaa.

Miaka mia na sabini, Shangazi. Na kitu juu.

Anakung'uta unga kwenye vidole,
kimoja kimoja.
"Ee," anasema. "Ndiyo hiyo hiyo."

Makaa yanapasuka. Mkate wa sita unaanza kunukia,
ule wa kwanza umeungua ukingo
na hakuna aliyeutoa.

"Unaiona ukiwa hapa?"
Jua lake, labda, kwa chombo kikubwa, kama punje ya chumvi.
Yenyewe haionwi.
"Mmejuaje basi kama ipo?"
Ikipita mbele, mwanga unapungua.
Kidogo sana. Halafu unarudi.
Halafu unapungua tena, kwa wakati ule ule.

Jua letu limeshaingia nyuma ya minazi ya Bopwe,
uani hamna taa ila mdomo wa tanuri,
wekundu wake umelala juu ya daftari langu.
Shangazi anapitisha kiganja mbele ya moto, polepole.
Herufi za Hidaya zinafifia, zinarudi.

"Hivi?"

Hivi.

Anapitisha tena.
Mkate wa saba umebanduka, umeanguka majivuni,
tunausikia wote wawili,
naye bado mkono wake uko pale,
unapita, unarudi.