Mkweli, Ila

Julai, Mlandege. Upepo unashuka Gangilonga
na kupenya chini ya mlango kama mdai.
Baba amevaa makoti mawili, la juu ni la marehemu mama.
Ananisomea hadithi ileile ya asubuhi
kwa sanadi nyingine.

Asubuhi alisema: nimepokea kwa Maalimu Hamdani wa Ujiji.
Sasa, hata chai haijapoa,
Hamdani amekufa miaka kumi kabla baba hajazaliwa
na aliyempa maneno ni kondakta wa basi la Songea.

Kalamu yangu inasimama.
Ni yeye aliyenifundisha kuisimamisha.
Nilikuwa na miaka tisa, tunamenya viazi,
akanikaririsha beti yake hadi maji yakachemka:

*Mpokezi muulize, alisikia kwa nani,*
*Na wa pili mchunguze, alikuwapo mjini?*
*Mzee mpeleleze, bado anayo kichwani?*
*Hata awe baba yako, pima ndipo uamini.*

Kisha angeniambia habari za mtu wa Marwi.
(Jina lake alilibadilisha kila aliposimulia,
na kisa chenyewe sijakikuta kitabuni.
Nakipokea kwa baba, kwake tu. Kipimeni.)

Mtu huyo alitembea siku arobaini,
ngamia wake akafia njiani,
kwa ajili ya tamko moja alilolihifadhi mzee wa Basra.
Akafika. Mzee akamkaribisha, akampa tende.
Umetoka wapi? Marwi.
Wakala. Umetoka wapi? Marwi.
Wakaswali alasiri, mzee akamgeukia kwa bashasha:
karibu, mgeni, umetoka wapi?

Msafiri akafunika kidau cha wino.
Akambusu mzee mkono.
Lile tamko hakuliandika. Aliandika:
*mkweli, ila alichanganyikiwa mwishoni.*

Hakuondoka usiku ule. Alibisha hodi kwa majirani,
mlango kwa mlango, na swali moja:
alianza lini?
Apate kujua mpaka uko wapi,
asije akamwaga mtungi mzima
kwa sababu ya tope la chini.

Nilimuuliza baba: alilia?
Baba akasema: sanadi haikutaja.

Basi na mimi nimebisha hodi.
Mama Kikoti wa genge: tangu siku aliponilipa nyanya mara mbili.
Fundi Mgimwa wa baiskeli: tangu alipoadhini adhuhuri saa nne,
nasi tukacheka, Mungu atusamehe.
Mwenye mashine ya kusaga akanipa tarehe kamili,
lakini huyo ana deni kwetu, nikamwacha.
Nikalinganisha. Wengi wanakutana masika ya mwaka juzi,
Ruaha Mdogo ulipofurika bustani za Ipogolo,
wiki aliyozikwa mama.

Hilo jiwe la Gangilonga, wanaoliita jiwe linalonena,
lina kumbukumbu kuliko sisi sote
na halijawahi kumsimulia mtu chochote.
Ningependa kuwa jiwe leo.

Nimefungua daftari la wapokezi. Nimeandika:
*Twalibu Kiyeyeu, mkazi wa Iringa. Mkweli,*
*ila alichanganyikiwa mwishoni.*
*Aliyemsikia kabla ya masika yale, achukue.*
*Aliyemsikia baada yake*

hapo wino ukakatika, au mkono.

Baba anasogeza kiti. Anavuta daftari,
anavaa miwani, anasoma kwa sauti yake ya darasani,
taratibu, kidole chini ya kila neno,
hadi lile jina, analipita kama la jirani aliyehama.

"Nani kaandika hivi?"
"Mimi."
"Huyu anaijua kazi. Hakumtupa mtu,
wala hakumficha." Anatikisa kichwa. Anafikiri.
"Umesoma kwa nani?"
"Kwa Twalibu."
"Aa," anasema, akinirudishia daftari
na nusu ya kiazi chake, bado cha moto.
"Mkweli huyo."