Bado Kilima Kimoja

Alfajiri basi lilitutema pale lami ilipokwisha,
likageuza, likateremka kurudi Naryn.
Tulikuwa kumi na mmoja, watu wa kiwanda cha kushona,
shanta migongoni, tongotongo machoni,
na mbele yetu Toktosun, fundi wa cherehani,
akinyoosha fimbo: "Kilima kimoja tu, kisha tambarare."

Kile kilima kilikuwa na mama yake nyuma.
Na bibi yake.

Majani yalitufika magotini, yamelowa umande,
suruali zikawa nzito kana kwamba tumevuka mto
kabla mto wenyewe haujaonekana.
Maua ya manjano, ya zambarau,
na meupe madogo kama punje za mchele
yamemwagwa na mtu asiyejua bei.
Aiymkan, mshona vifungo wa miaka ishirini na sita,
aliinama, akayatazama kwa karibu, akasema:
"Uzi wa rangi hii sijawahi kuletewa."

Baada ya hapo hatukuongea sana.
Mlima humnyang'anya mtu maneno,
humwachia pumzi na hesabu:
hatua mia, pumzika; hatua hamsini;
hatua thelathini, na hizo kwa kuibia.
Birika la Nurzada liligonga kikombe chake, ko, ko, ko.
Ndiyo saa pekee tuliyokuwa nayo.

Mnyama mmoja mnene, rangi ya mkate ulioungua kidogo,
alisimama wima mlangoni mwa shimo lake
akatupigia mluzi kama askari wa barabarani.
Tulisimama.
Kusema kweli, tulikuwa tunatafuta sababu.

Mchana, chini ya msonobari, tulikula mkate na nyanya
na vidonge vya mtindi mkavu, vya chumvi, vinavyoshindana na meno.
Nikavua kiatu. Lengelenge limekaa kisiginoni,
limejaa, linang'aa, kama mgeni wa heshima.
Bektemir, ambaye kazini hatusalimiani
tangu ile habari ya zamu za mwaka juzi,
alipiga magoti bila neno,
akaipitisha sindano kwenye moto wa kiberiti
(nani hutembea na sindano mlimani? Sisi sote),
akalitoboa, akalifunga kwa kitambaa cha mabaki,
mshono wa pindo, mdogo, nadhifu.
Sikumshukuru.
Nilimpa nyanya yangu.

Mto tuliuvuka tumeshikana mikono kama watoto wa shule,
maji ya theluji yakiuma mguu, maumivu yakipanda mpaka kwenye jino.

Kutangulia si kufika, lakini Toktosun
alitangulia na akafika; akakaa juu ya jiwe pale kambini,
na tulipomkaribia uso ulikuwa umemshuka.
Mfuko wa hema kubwa ulikuwa wazi miguuni pake.
Turubai lipo. Kamba zipo. Mambo za kupigilia zipo.
Nguzo ziko chini ya kiti cha basi,
zimelala Naryn, hazina habari.

Wingu lilikuwa linakuja, jeusi upande mmoja.
Aiymkan ndiye aliyeanza kucheka,
kicheko cha mtu aliyechoka hata kukasirika,
kikaenda kikituangusha mmoja mmoja kwenye majani.
Kisha, bila mtu kuamuru, sindano zikatoka:
ukunjeni huu, pindo hili, kamba ipite humu,
huku mti, kule mti.
Mwanamke wa hema la sufu la jirani
alikuja na ndoo ya maziwa ya farasi yaliyochachuka,
akasimama, ndoo mkononi, akasahau salamu:
watu kumi na mmoja magotini, jioni,
wanashona kilima.

Mvua ilinyesha. Ilivuja mahali pamoja tu,
kwenye mshono wangu.

Usiku farasi waling'oa majani karibu na vichwa vyetu,
birika limenyamaza.
Gizani sauti ya Toktosun ikasema:
"Kesho ni kushuka tu."
Mtu akamrushia soksi.